Kuchagua kaiti na vifaa vyake kwa upepo wa Paje: mwongozo kamili kwa aliyechoka kuazima

Kijana mmoja wa Bwejuu aliniletea kaiti ya mita 7 za mraba, ile inayokuvuta kwa upepo ukiwa juu ya ubao baharini, nimzibie tundu dogo karibu na ubavu wa kati. Kitambaa kikavu, rangi haijapauka, tyubu zote zinashika hewa. Mgeni aliyekuwa anaondoka alimwachia kwa bei ya kutupa. Nikamuuliza, "Una kilo ngapi, mdogo wangu?" Akasema 72. Nikatazama nje. Minazi ilikuwa inatikisa makuti tu, kusi ya noti 16 (maili za baharini kwa saa), ile tuliyoizoea. Kwa upepo ule, kaiti ile ingemwacha amesimama majini kama kigingi cha mwani.

Mimi nashona na kuziba kaiti hapa Paje, mwambao wa mashariki wa Unguja, na kabla ya hapo nilifundisha kwa miaka kadhaa. Vinavyopasuka mwambao huu vingi vimepita mikononi mwangu, na nimegundua kwamba wengi wetu tunanunua kilichopo. Msimu unaisha, mgeni anafunga mabegi, anatangaza bei, na sisi tunakimbilia. Hatuulizi kwanza kaiti hiyo ilikuwa ya mwili gani na upepo gani. Haya ninayoandika ni kwa yule aliyekwisha kujifunza, anayepanda ubao na kwenda kulia na kushoto, ambaye sasa anataka chake.

Maneno nitakayotumia ni ya ufukweni. Kaiti ni ile ambayo wazee bado wanaiita tiara, kama tiara za karatasi tulizorusha utotoni. Bomba la mbele ni ule mrija mnene unaojazwa upepo, mbavu ni mirija midogo inayokwenda nyuma, na ndani ya kila mrija mna tyubu kama ya baiskeli. Hatamu ni vile vikamba vya mbele ya kaiti vinavyokutana kwenye kamba kuu. Baa ni mti unaoushika (ile nyingine ya vinywaji haituhusu leo), na kitanzi ndicho kinachoiunganisha na hanesi, ule mkanda mpana unaouvaa kiunoni.

Hatua ya kwanza: jipime wewe kabla ya kupima kaiti

Panda mizani, usikisie. Tofauti ya kilo 10 ni tofauti ya kaiti nyingine kabisa.

Kisha jiulize swali ambalo mabaharia wa ngalawa wanalijua vizuri: unaweza kubisha? Yaani unaondoka mbele ya mti fulani ufukweni, unakwenda na kurudi kwa nusu saa, halafu unatua palepale au juu yake kwa upande wa joshi, unakotoka upepo. Kama kila siku unatokea demani, upepo unakokwenda, na kurudi kwa miguu umebeba ubao kichwani, bado hujafika mahali pa kununua kaiti ndogo ya kasi wala ubao mfupi. Unahitaji kaiti tulivu na ubao mkubwa, na vitu hivyo kwa bahati nzuri ndivyo vya bei nafuu.

Swali jingine ni la usalama. Je, unaweza kuirusha tena kaiti iliyoanguka majini bila mtu kukusaidia? Umewahi kufyatua kifyatuo, kile cha kujinasua na nguvu ya kaiti, ukiwa ndani ya maji yenye kina, ukakunja kamba na kurudi pwani ukitumia kaiti yenyewe kama tanga? Kama hapana, pesa yako ya kwanza ilipe saa mbili za mwalimu. Shule nyingi hapa zinafuata ngazi za IKO (International Kiteboarding Organization), shirika la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 2001, na ngazi ya tatu ndiyo ya kujitegemea. Cheti si kitu kikubwa, ila yale yanayofundishwa pale ndiyo yatakayokurudisha nyumbani.

Hatua ya pili: ujue upepo wako na maji yako

Tuna misimu miwili. Kaskazi inaanza kushika Desemba na kuendelea hadi Februari, wakati mwingine Machi. Kusi inavuma Juni hadi Septemba na ndiyo nzito zaidi. Katikati ni maleleji, masika na vuli, siku ambazo fundi kama mimi anapata kazi kwa sababu kila mtu anakumbuka kuleta kaiti yake izibwe. Siku nyingi za msimu upepo unacheza kati ya noti 12 na 20.

Hesabu ya kuanzia ni hii. Chukua kilo zako, zidisha kwa 2.2, gawa kwa noti za upepo. Jibu ni mita za mraba za kaiti. Mtu wa kilo 72 kwenye noti 12 anapata kama 13, kwenye noti 16 anapata 10 kasoro kidogo, kwenye noti 20 anapata 8. Ndiyo maana yule kijana wa Bwejuu na mita 7 yake wangekutana siku chache sana kwa mwaka. Hesabu hii ni ya maji tulivu na ubao wa kawaida wa pande mbili, unaokwenda kulia na kushoto bila kugeuzwa. Ubao mkubwa unakuruhusu kushuka kwenye kaiti ndogo kidogo, na ubao wenye foili chini (bawa linalokwenda ndani ya maji) unakuruhusu kushuka sana.

Kuna jambo wengi hawalijui: nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Inaongezeka kwa kasi kuzidishwa kwa yenyewe. Ukitoka noti 12 kwenda 17, huoni tofauti kubwa kwenye minazi, lakini kaiti inavuta mara mbili. Hapo ndipo mtu aliyetoka na mita 13 asubuhi anapojikuta adhuhuri anaburutwa mchangani.

Mwambao wetu wa mashariki una neema. Kusi inatokea kusini-mashariki, kaskazi inatokea kaskazini-mashariki, zote zinakusukuma kimshazari kuelekea pwani. Kaiti ikizima, unaletwa nyumbani. Upande wa magharibi, kuanzia Fumba hadi Mji Mkongwe, kusi hiyohiyo inatoka nchi kavu ya kisiwa na kukupeleka baharini. Usiende kujaribu kaiti mpya kule. Hata huku kwetu, maji yakitoka kwa nguvu siku za bamvua, yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakwenda nje kupitia milango ya mwamba, na mtu aliye karibu na mlango anakwenda nao.

Bamvua pia inakuchagulia vifaa. Maji yakipwa, bahari inakwenda mbali na kubaki dimbwi la magotini, na humo mna mashamba ya mwani ya mama zetu, yaliyoanza kibiashara mwaka 1989, yenye vigingi na kamba. Kaiti ikianguka juu ya vigingi inachanika, na mwani wa mtu unang'oka. Huo mwani ni ada ya skuli ya mtoto. Panga kuruka maji yanapojaa, pita mbali na mashamba, na ukiangusha, nenda kamwombe radhi mwenye shamba uso kwa uso.

Hatua ya tatu: umbo la kaiti

Kaiti za kujazwa upepo tunazotumia zinatokana na kazi ya ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioandikisha uvumbuzi wao mwaka 1984 wakitafuta kaiti itakayoweza kuruka tena baada ya kuanguka majini. Za zamani zilikuwa za umbo la herufi C, zenye nguvu na zisizopungua hata ukisukuma baa. Mwaka 2005 zikaja zenye umbo la upinde na hatamu mbele: ukisukuma baa mbali, kaiti inalala na nguvu inaisha karibu yote. Mabadiliko haya yamepunguza sana hatari ya mchezo huu, kwa hiyo kaiti yoyote ya kabla ya hapo, hata ukipewa bure, ikate ushonee mfuko wa sokoni.

Kwa anayepanda ngazi nashauri kaiti ya mbavu tatu, umbo la upinde au la pembetatu lenye ncha zilizorudi nyuma. Inajirusha yenyewe kutoka majini, inasamehe makosa, na haikatiki nguvu ghafla. Za mbavu tano ni imara kwenye upepo mzito lakini ni nzito kwenye kusi ya wastani. Zenye ubavu mmoja ni nyepesi na tamu upepo ukiwa mdogo, ila zikipigwa na upepo wa ghafla zinayumba. Za C za siku hizi waachie wanaoruka na kubadilisha mikono hewani. Na zile zisizo na mirija, zenye vyumba vya hewa kama miavuli ya kurukia kutoka ndegeni, ndizo za mashindano ya foili kama yale ya Olimpiki ya 2024 yaliyofanyika Marseille. Zikilowa zikajaa maji, utazibeba kama gunia la chumvi.

Hatua ya nne: kukagua kaiti ya mkononi (iliyokwisha kutumika)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zinapopotea, na mimi mwenyewe zilipotea hapa.

Kaiti yangu ya kwanza niliinunua kwa mgeni siku ya mwisho ya likizo yake. Ilikuwa nzuri kwa macho. Aliijaza upepo, akairusha dakika mbili, nikalipa. Wiki ya pili niko karibu na mwamba, nikasikia mlio kama tairi la daladala, bomba la mbele likapasuka na tyubu ikatoka nje kama utumbo. Nilielea na kitambaa kilicholowa hadi mzee mmoja wa ngalawa akanivuta. Hakunikemea. Alisema tu, "Tanga bovu hulijui kwa rangi, mwanangu, hulijua kwa mshono." Nilipofika nikakagua, nikakuta uzi wa mshono wa bomba ulikuwa umeliwa na jua kwa urefu wa shubiri nzima, umefichwa na gundi na kiraka cha rangi ileile.

Kwa hiyo anza na mshono. Kaiti ikiwa haina upepo, pitisha ukucha kwenye mshono mrefu wa bomba la mbele kutoka ncha hadi ncha. Uzi mzima unakwaruza ukucha. Uzi uliooza unakatika au unatoa vumbi. Angalia zaidi sehemu ya katikati, pale kaiti inapoburutwa mchangani ikiwa imelala.

Kitambaa kinaongea. Kipya kinalia kama karatasi ya benki ukikifinya. Kilichochoka kinalala kimya kama kanga iliyofuliwa mara mia. Kimetengenezwa kwa poliesta nyembamba yenye miraba midogo inayozuia mpasuko usitambae, na jua ndilo linalokiua kuliko chumvi. Shika vidole gumba viwili, sukuma kitambaa kwa nguvu ya wastani karibu na ukingo wa nyuma. Kikichanika mbele ya muuzaji, mtagombana, lakini afadhali kugombana pwani.

Sasa ijaze. Jaza mpaka ukipiga bomba kofi dogo linalia kama ngoma. Kaiti ndogo zinataka upepo mgumu kuliko kubwa, kwa hiyo kaiti ya mita 7 ikilia kama ya mita 12 bado haijajaa. Iache kivulini usiku kucha, au kwa uchache saa mbili. Muuzaji akikwambia hana muda, nawe huna pesa. Ikilegea, paka povu la sabuni kwenye kila valvu na kwenye mirija inayounganisha bomba na mbavu. Pale panapotoka mapovu ndipo penye tatizo. Tundu la tyubu si kitu, kiraka kinatosha. Valvu iliyong'oka gundi inatibika. Bomba lililooza mshono wote halifai kununuliwa.

Halafu hatamu. Kwenye vikamba hivyo mara nyingi mna makapi madogo (vigurudumu vya kupitishia kamba), na mchanga wetu ni mwembamba kama unga, unaingia ndani yake na kuyageuza msasa. Zungusha kila kapi kwa kidole. Likigoma, tazama kamba inayopita humo: utaona manyoya. Linganisha upande wa kushoto na wa kulia kwa kuvishika pamoja. Tofauti ya vidole viwili inatosha kuifanya kaiti ipinde upande mmoja siku zote.

Mwisho irushe wewe, kwenye upepo wako, na siku hiyohiyo iangushe majini makusudi uone inavyonyanyuka.

Hatua ya tano: baa, kamba na kifyatuo

Kaiti mbovu itakuharibia siku, lakini baa mbovu inaweza kukuua. Kama mfuko wako ni mdogo, nunua kaiti ya mkononi na baa mpya.

Kamba nne zimefumwa kwa nyuzi za Dyneema, urefu wa kawaida kama mita 20 hadi 24. Za mbele zinabeba mzigo zaidi, kwa hiyo zinarefuka kidogo kidogo, na za nyuma zinaonekana fupi. Matokeo yake kaiti inarudi nyuma na kudondoka kama ndege aliyepigwa manati, na mwenyewe anadhani upepo umekufa. Kupima ni rahisi. Zifunge ncha zote nne kwenye shina moja la mnazi, rudi nyuma na baa, achia mkanda wa kupunguza nguvu wote, vuta baa hadi kwenye kitanzi, kaza. Kwa mifumo mingi kamba zote zinapaswa kukazika pamoja na baa ikae sawa. Moja ikining'inia, mpelekee fundi azipange upya. Pitisha pia kila kamba kati ya vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, ukitafuta fundo. Fundo kwenye Dyneema ni mahali pa kukatikia.

Kifyatuo ni kile cha kusukuma mbele ya kitanzi. Ukikisukuma, kitanzi kinafunguka, baa inakimbia juu, kaiti inabaki imening'inia kwenye kamba moja ya mbele na kulala bila nguvu. Tangu mwaka 2020 kuna kiwango cha kimataifa cha vifyatuo hivi, ISO 21853. Ukiona namba hiyo kwenye baa, ni dalili njema. Ila namba haizuii mchanga. Kabla ya kila kutoka, mwambie mwenzako avute baa kwa uzito wake wote huku wewe umevaa hanesi, ufyatue kwa mkono mmoja. Kisha kwa mkono mwingine. Kifungue, kisuuze maji baridi (yasiyo na chumvi), kifunge tena. Watu wananicheka nikifanya hivi ufukweni mbele ya wageni. Wacheke.

Na baa ioane na kaiti. Kuchanganya kampuni mbili kunawezekana, lakini muulize fundi kama vishikizo na kamba ya usalama vinalingana. Upande mwekundu wa baa ni wa mkono wa kushoto.

Hatua ya sita: ubao

Hapa hakuna mengi. Kilo 70 hadi 80, ubao wa pande mbili wa sentimita 138 hadi 142 unatosha kwa aliyekwishaanza kubisha. Kabla ya hapo tafuta 150 au zaidi, na upana wake uangalie kuliko urefu. Ubao bapa unapanda juu ya maji mapema kwenye kusi hafifu. Uliopinda ncha unafaa mawimbi ya nje ya mwamba. Usijifunge ubao mguuni kwa kamba ya mpira: unarudi kama kombeo na unajua kichwa chako kilipo. Foili iache mpaka ujue saa za maji kwa moyo, kwa sababu mlingoti wake wa sentimita 80 hivi unagonga mchanga wakati wengine bado wanacheza.

Hatua ya saba: vya mwilini

Hanesi ya kiunoni ikipanda hadi mbavuni, ni kubwa kwako. Ijaribu kwa kuning'inia kwenye tawi au boriti, usiijaribu umesimama dukani. Wenye tumbo na wanaoanza wanapata raha na ile ya kukalia. Hakikisha ina kisu cha kukatia kamba, na kiwe hakijashika kutu. Kofia ngumu na fulana ya kuelea havina fahari, lakini mwamba hauna huruma. Viatu vya maji vinakukinga na vile viumbe vyenye miiba mieusi vinavyojaa kwenye majabali.

Hatua ya nane: mpangilio wa kununua

Kwanza hanesi yako, maana ndiyo inayokutosha wewe peke yako. Pili kaiti moja ya siku nyingi, ile hesabu ya noti 15 au 16. Pamoja nayo baa. Ubao unaweza kuazima mwezi mmoja zaidi.

Kaiti ya pili isikaribiane na ya kwanza. Mwenye mita 10 au 11 na atafute 8, siyo 9. Mwenye 12 atafute 9. Kumbuka kaiti ndogo inageuka haraka na inakujibu kabla hujamaliza kufikiri. Siku za mwanzo itoe kwenye upepo ambao unaitosha tu, usiitoe siku mawimbi meupe yamejaa hadi mwamba. Na usikubali kuambiwa kwamba kushuka mita ni kupanda cheo. Nimewaona vijana wanajitutumua na kaiti ndogo huku wanarudi kwa miguu kila siku, na nimeona wengine wanang'ang'ania kubwa wingu jeusi likija kutoka baharini. Wingu hilo likionekana, shusha kaiti kabla halijafika, liwe na mvua au lisiwe nayo.

Hatua ya tisa: isikufie mikononi

Usiache kaiti imejazwa ufukweni inapepea wakati unakula. Saa moja ya kupigapiga juani inachosha kitambaa kuliko saa moja ya kuruka. Ikunje ikiwa kavu, bila mchanga, iweke ndani. Baa isuuze maji baridi kila jioni. Kiraka cha dharura cha gundi kiwe kwenye mfuko, lakini mshono wa bomba la mbele usiuzibe kwa kiraka; ulete ushonwe.

Yule kijana wa Bwejuu? Nilimzibia tundu lake, nikampeleka kwa binti mmoja wa Jambiani ambaye amekuwa akiazima kaiti kubwa na kuburutwa nazo msimu mzima. Ana kilo 48. Tulipiga hesabu mchangani kwa kidole: noti 16, mita 6.6. Akaijaza mwenyewe, akaipiga kofi, akaipaka sabuni valvu zote, akapitisha ukucha kwenye mshono mzima huku muuzaji amesimama anatoka jasho. Halafu akasema ataiacha usiku kucha kwanza. Kesho yake akalipa, na kijana akaja kwangu na zile pesa kuulizia mita 10.